Kabla hujalaumu vitendanishi, niambie unachomaje kidole

Mkuu, umesema una miezi miwili tu kwenye zahanati huko Bahi, ukichoma kidole damu inatoka tone moja na kukata, na wiki iliyopita vipimo 3 vya VVU havikutoa hata mstari wa kontroli, ule unaoonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi. Mwenzako kakwambia vitendanishi, yaani hivyo vipimo na dawa zake, ni vibovu. Inawezekana. Ila mimi nina miaka 11 kwenye maabara za mkoa huu, na vipimo vingi nilivyoviona vikiharibika viliharibiwa na mikono yetu, yangu ikiwemo.

Anza na mkono wa mteja. Juni na Julai, asubuhi ya Dodoma unaijua mwenyewe: upepo unakata, mzee katembea toka machungani, vidole vimekuwa kama kuni. Ukichoma hapo utapata damu ya kichwa cha kiberiti. Mimi namsalimu, "Mbukwa babu", nampa maji ya uvuguvugu anawe, kisha namwambia aning'inize mkono chini wakati najaza rejista. Dakika mbili zinatosha. Chagua kidole cha kati au cha pete, mkono asioutumia sana, uchome pembeni ya ncha. Katikati ndiko kunakouma, na kwa mtu wa jembe ndiko kwenye sugu. Lanseti, kile kisindano cha kuchomea kidole, ikandamize sawasawa mara moja. Wanaomwonea mteja huruma ndio wanaomchoma mara tatu.

Spiriti ikauke yenyewe, usiipulize. Tone la kwanza lifute kwa pamba kavu, chukua linalofuata. Na usikamue kidole kama unakamua mbuzi! Ukikamua, majimaji ya mwilini yanachanganyika na damu na unapima damu iliyozimuliwa.

Sasa hiyo kontroli. Mstari ule hautegemei mteja ana VVU au hana, unategemea kimiminika kupita kwenye utepe mpaka mwisho. Chukua vipimo viwili vya haraka vya VVU. Bioline inataka mikrolita 20 za damu nzima, halafu matone 4 ya bafa, kile kimiminika cha kusukuma damu kwenye utepe, usome kati ya dakika 10 na 20, baada ya hapo usisome. Uni-Gold ni matone 2 ya damu na 2 ya bafa, dakika 10. Sasa wewe damu inatoka kwa kusuasua, unaisubiri kwenye pipeti, kile kimrija cha kuvutia damu, mpaka inaanza kuganda, unaidondosha ikiwa na kibonge, itapitaje? Angalia na chupa ya bafa: ishikilie wima, uhesabu matone kwa sauti ukipenda. Nimeshamkuta kijana bafa ya boksi moja imekwisha, akachukua ya kipimo kingine "kwa kuwa zinafanana". Hazifanani. Kipimo kisicho na mstari wa kontroli hakina jibu, fungua kingine, na usimwambie mteja chochote kabla hujarudia.

Kama mkono wako uko sawa, kagua joto. Uni-Gold haitakiwi kuzidi nyuzi 27, Bioline 30. Novemba, stoo ya bati bila dari, saa 8 mchana, weka kipimajoto humo uone. Mimi yangu nilihamishia chumba cha ndani, chini kabisa ya rafu.

Watoto ni habari nyingine. Mtoto wa mama mwenye VVU anabeba kingamwili za mama hata miezi 18, na hizo ndizo kipimo cha haraka kinazotafuta, kwa hiyo kipimo cha haraka kikiwa chanya hakikwambii kama mtoto ameambukizwa. Ndiyo maana tunachukua DBS, damu ya kisigino kwenye karatasi. Hapa nina deni la roho. Mwaka wangu wa pili nilianika kadi hizo za karatasi dirishani ili zikauke haraka, vumbi likaingia, na kwa haraka ya kuwahi gari nikazipanga zikiwa mbichi, zikagusana. Maabara ya juu ikazikataa. Mama mmoja alirudi na mtoto mgongoni, kilomita nyingi kwa mguu, kuchomwa upya, na hakunisema neno. Sasa kila duara la kwenye kadi nalijaza kwa tone moja kubwa, sirudii juu yake, kadi inalala kwenye rafu yake mbali na jua, angalau saa 3, mara nyingi usiku mzima, ndipo inaingia kwenye mfuko na vifyonza unyevu.

Ukichukua damu ya mshipani, sindano iende moja kwa moja kwenye boksi la usalama, usiirudishie kifuniko. Nilirudishia siku moja, nikajichoma. Hatari yake ni kama 0.3% kwa sindano yenye damu ya mwenye VVU, lakini usiku ule kwangu ilikuwa 100%. Osha kwa maji na sabuni, toa taarifa, anza dawa za kinga haraka, mwisho saa 72, umeze siku 28.

La mwisho, namba ya mteja. Andika kwenye kaseti, yaani kile kiplastiki cha kipimo, au tyubu mteja akiwa amekaa mbele yako, si baada ya kuchukua damu ya watu wanne. Kuna siku nilikuwa na dada wawili, majina yanafanana mpaka la babu, na kaseti mbili mezani hazina alama. Niliwaita wote wawili nikawaomba vidole upya. Mmoja alicheka, mwingine akauliza, "Kwani ya kwanza mmeipeleka wapi?" Sikuwa na jibu.

Hiyo boksi yako ya vipimo, tarehe yake ya kuisha inasemaje, na imekaa wapi?