Nyota nazo hupigwa eksirei?

SWALI: Asalam aleikum mhariri. Juzi nimempeleka mamangu kupigwa eksirei ya kifua, mwanangu akaniuliza, ati kuna darubini za eksirei, sasa hizo nyota nazo hupigwa miale kutoka huku? Nikakosa jibu. Nisaidie.
Mama wa Kisauni

JIBU: Waleikum salaam dadangu. Mwambie hatuzipigi, zenyewe ndo zinatupiga. Hospitali mashine ndo inatoa miale, lakini angani inatoka kwenye gesi yenye joto la mamilioni ya digrii, darubini kazi yake ni kuidaka tu. Sasa hewa yetu inaizuia isifike chini (na alhamdulillahi, manake ingetudhuru), kwa hivyo hata usimame pale ufukweni Mama Ngina, Mombasa, na darubini kubwa vipi huoni kitu, lazima uipeleke juu kwa roketi.

Na hapa umkalishe vizuri mwanao, hili ni la kwetu pwani. Setilaiti ya kwanza kabisa ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa baharini hapo karibu na Malindi, kwenye jukwaa la Waitaliano la San Marco, 12 Desemba 1970, na kwa vile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, Wamarekani wenyewe wakaiita Uhuru. Wallahi mimi kila nikikuta jina hilo kwenye vitabu vya wataalamu huko ng'ambo nafurahi sana. Ikazunguka zaidi ya miaka 2, ikatupa orodha ya vitu 339 vinavyotoa eksirei, kimojawapo Cygnus X-1, yaani gesi inavutwa kutoka nyota jirani, inazunguka kwa kasi mpaka inachemka na kutoa eksirei, na kinachoivuta hakionekani, ndo wataalamu wakaanza kuamini kweli mashimo meusi (vitu vyenye mvuto mkali hata mwanga hautoki) yapo, sio hesabu za karatasini tu. Kiongozi wao Riccardo Giacconi alipata Nobel 2002.

Siku hizi kuna darubini ya eksirei iitwayo Chandra, iko juu angani tangu 1999. Eksirei ikigonga kioo wima inamezwa, kwa hivyo vioo vyake vimelazwa karibu ubavu, miale inateleza juu yake kama kijiwe ukikirusha bapa juu ya maji. Chandra imeangalia mabaki ya nyota iliyolipuka, Cassiopeia A, ikaona chuma, ikaona na kalisiamu, hiyo hiyo inayofanya mbavu za mamako zitoke nyeupe kwenye ile picha. Mpe pole zangu.