Farasi Mzee, Bima Hakuna: Pesa ya Daktari Itoke Wapi?

Wanaochukua farasi waliostaafu mbio pale Ngong, wakawaweka Karen, Limuru au Naivasha, hufika siku wakauliza swali moja: niweke kando kiasi gani kila mwezi kwa ajili ya daktari? Bima si jibu tena. Farasi akikaribia miaka 20, kampuni nyingi za bima, hata Uingereza ambako biashara hiyo imekomaa, hupunguza magonjwa wanayofidia au hupandisha malipo mpaka mwenye farasi aone heri ajibebe mwenyewe. Kujibeba si vibaya. Kujibeba bila hesabu ndiko kunakouzisha watu matandiko.

Kosa la kawaida ni kuogopa dharura peke yake. Kinachokausha mfuko wa mwenye farasi mzee ni kidonge cha kila siku na mafuta ya gari la daktari. Kwa hiyo, kabla ya kutaja shilingi yoyote, mpigie daktari wa mifugo unayemtumia umuulize bei tatu: ziara ya mchana, ziara ya usiku au Jumapili, na malipo ya kila kilomita. Ukiishi mbali, safari inaweza kukugharimu kuliko matibabu. Hapo ndipo majirani wana faida: panga chanjo na meno siku moja na wenye farasi wa karibu, mgawane safari.

Kisha jua uzito wa mnyama, maana dawa hupimwa kwa kilo na jicho la binadamu hudanganya. Zungusha utepe kifuani, nyuma tu ya viwiko vya miguu ya mbele. Pima pia urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Mzingo kwa sentimita uzidishe kwa wenyewe, halafu kwa urefu, ugawanye kwa 11,880. Mzingo wa 180 na urefu wa 160 hutoa kilo 436 hivi. Pima kila mwezi na uandike. Farasi mzee huficha kukonda chini ya manyoya, na kilo 30 zilizopotea bila wewe kujua ni deni linalokuja.

Pesa ya matumizi yanayojulikana mapema haina ujanja mwingi. Chanjo ya AHS (African horse sickness), ule ugonjwa wa farasi unaoenezwa na usubi wa jioni na alfajiri, haikatwi hata mwaka mgumu. Farasi asiyechanjwa akiupata, mara nyingi hapati nafuu. Pepopunda na kichaa cha mbwa vilevile. Kwato hukatwa kila wiki 6 hadi 8, lakini mstaafu mwenye kwato nzuri aweza kuvuliwa chuma akabaki na kukatwa tu, na hapo umeokoa pesa ya kweli. Kwa minyoo, acha kumpa dawa kwa kalenda. Peleka kinyesi maabara mayai yahesabiwe kwanza, kwa sababu katika kundi ni farasi wachache wanaobeba mayai mengi, na dawa inayotolewa ovyo huzalisha minyoo sugu.

Meno ndiyo mahali ambapo ubahili huadhibiwa haraka. Akipita miaka 20, akaguliwe kila miezi 6, na ncha kali zipigwe tupa. Dalili saisi wako aziangalie kila siku: matonge ya nyasi zilizotafunwa nusu zikidondoka karibu na hori, na nyuzi ndefu kwenye kinyesi. Nyasi zisizotafunwa huziba utumbo, na ziara moja ya usiku kwa tumbo lililoziba hulipia tupa ya miaka kadhaa. Meno yakiisha kabisa, bajeti inahamia kwenye chakula. Farasi anahitaji chakula kikavu cha asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 6.5 hadi 8.7 kwa yule wa kilo 436. Chote hicho sasa kiwe lusani ya vipande au chembe zilizolowekwa mpaka zilainike kama uji mzito, zikigawanywa mara 4 au zaidi. Vipande vikavu humkaba. Na usijaze pengo kwa pumba: zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na mifupa ndiyo hulipa.

Halafu kuna ugonjwa wa tezi ya chini ya ubongo, ambao wazungu huuita Cushing. Manyoya marefu yasiyopukutika, misuli ya mgongo kuyeyuka, maji kunywewa kupita kiasi, kisha kwato kuwaka moto. Dawa yake ni pergolide. Farasi wa kilo 500 kwa kawaida huanzia miligramu 1 au nusu yake kwa siku, na haiachwi mpaka mwisho wa maisha. Zidisha bei ya kidonge kwa 365, ongeza kipimo cha damu mara moja au mbili kwa mwaka, na uulize kabla ya kuanza kama dawa hupatikana mwaka mzima. Hii usiitoe kwenye akiba ya dharura. Iwe na mstari wake kama mshahara wa saisi.

Sasa dharura yenyewe. Jumlisha ziara ya usiku, mpira wa kupitisha maji na mafuta tumboni, dripu, ziara ya pili asubuhi, dawa ya kumlaza usingizi wa mwisho akishindikana, na trekta la kuchimba shimo la kumzika. Tuseme jumla imekuja shilingi 120,000: ukitenga 5,000 kwa mwezi, miezi 24 imekutosha. Ziweke kwenye akaunti ambayo mtu wa pili anaweza kuifikia, kwa sababu koliki, yaani maumivu makali ya tumbo, haikungojei urudi kutoka safari.

Hili la mtu wa pili nalisisitiza. Saisi aliyeachwa saa nane usiku na farasi anayegaagaa, bila ruhusa wala pesa, hupoteza saa ambazo haziwezi kununuliwa. Andika karatasi ibandikwe mlangoni mwa banda: nani aamue usipopatikana, kikomo cha gharama ni kiasi gani, upasuaji ni ndiyo au hapana. Upasuaji wa tumbo kwa farasi wa miaka 25, hata pale unapopatikana, humeza akiba yote na uuguzi wa miezi. Mimi naona jibu liandikwe leo, si mbele ya mnyama anayetoka jasho.

Kwenye karatasi hiyo hiyo ziwepo namba za kawaida: joto 37.2 hadi 38.3, mapigo 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi 8 hadi 16. Mapigo husikika nyuma ya kiwiko cha kushoto. Hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Bonyeza ufizi kwa kidole gumba, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Mapigo yakipita 60 akiwa ametulia, daktari aje sasa hivi. Msimchome dawa ya maumivu kabla ya kumpigia: huficha dalili anazozihitaji kuamua, na flunixin, mojawapo ya dawa hizo, ikichomwa kwenye nyama inaweza kuozesha msuli.

Shimo nalo lina bei. Mita 3 kwa 2, kina cha mita 2.5, mbali na kisima, na jembe halitoshi kwenye mawe ya Ngong. Uliza ofisi ya mifugo ya kaunti wanataka nini, na ujue namba ya mwenye trekta mapema. Farasi aliyelazwa kwa sindano asiachwe wazi hata usiku mmoja, kwa kuwa dawa hubaki kwenye nyama, ikaua mbwa wa jirani na tai wanaoshuka asubuhi.