Kabla hujauza msitu, kaa jikoni kwanza

Vijana wananiuliza sana siku hizi, kaka nataka kuanza utalii wa utamaduni huku kwetu karibu na msitu, nianzie wapi. Mimi niko Mbale, mashariki mwa Uganda, kazi yangu ni kupeleka wageni upande wa Mlima Elgon, na mtu akiuliza anategemea nitamwambia atafute gari au afungue ukurasa wa Fesibuku. Hapana bwana. Anzia jikoni kwa mama anayejua malewa, ukae chini, unyamaze.

Kwa msiojua, malewa ni machipukizi ya mianzi ya mlimani. Mvua ikinyesha yanachipuka, watu wanapanda kuyavuna, wanayakausha kwa moshi halafu yanashuka sokoni yamefungwa mafungu mafungu. Kuyapika si mchezo, unaloweka, unachemsha mpaka kuni zinakuishia, unakatakata, ndio unatia karanga ya kusaga, na ile harufu ya moshi haitoki hata ufanye nini, na ndiyo utamu wenyewe.

Sasa sikilizeni kosa langu. Wageni wangu wa kwanza nilikuwa nao wanne, nikawapeleka kwa mama mmoja kijijini waone anavyopika, wakapiga picha, wakala, wakafurahi, wakanilipa vizuri. Mama nikampa kidogo tu, nikajiambia si alikuwa anapika chakula chake siku zote. Mara ya pili nimefika na watu wengine sita, nakuta jiko baridi. Mama amekaa mlangoni anachambua maharage, hata hakunyanyuka. Akaniambia, "Mwanangu, moshi unaingia machoni kwangu, pesa inaingia mfukoni kwako, hiyo hesabu ulifundishwa wapi?" Mbele ya wageni, jamani. Bahati nzuri walikuwa hawajui Kiswahili.

Nililala nawaza ile hesabu. Maana mama hakudai pesa peke yake. Mianzi inatoka ndani ya hifadhi, Elgon imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1993, na kuna sehemu ambazo vijiji vimekubaliana na hifadhi watu wavune malewa kwa utaratibu. Watu kama yeye wakiona hawapati kitu, nani atamkemea kijana anayeingia na panga usiku? Askari wa hifadhi hawawezi kuwa kila mahali, lakini mama wa malewa anajua kila anayepita kwenye ile njia.

Mwaka 2007 mlisikia habari ya Mabira, ule msitu wa barabara ya Jinja, serikali ilitaka kutoa hekta kama 7,100 zilimwe miwa, watu wakaingia barabarani Kampala, wengine wakapoteza maisha, ufalme wa Buganda ukasema uko tayari kutoa ardhi kwingine msitu uachwe. Mpango ukasimama. Mimi naamini msitu ambao watu wanaona ni wao una walinzi ambao hakuna ofisi inaweza kuwaajiri.

Mfano mzuri kuliko wote ni lubugo, kile kitambaa cha magome ya mti cha watu wa Buganda. Kama hujawahi kuona kikitengenezwa, tafuta nafasi, hasa wakati wa mvua maana ndipo gome linavuliwa. Nilisimama kwenye kibanda cha wazi, mzee analigonga gome kwa nyundo za mti zenye mistari, anabadilisha moja baada ya nyingine, gome linapanuka taratibu kama donge la chapati chini ya kifimbo cha kusukumia. Na mutuba, mti unaotoa hilo gome, haukatwi! Wanauvua gome, wanaufunika shina kwa majani ya migomba kama mgonjwa aliyefungwa bandeji, na gome linaota tena. UNESCO iliutambua ufundi huu 2005, na 2008 ukaingia kwenye orodha yao ya urithi wa binadamu. Cha kuchekesha, waliofanya lubugo ipungue karne ya 19 ni wafanyabiashara wa misafara waliokuja na vitambaa vya pamba, njia ileile iliyotuletea Kiswahili, kwa hiyo sisi wasemaji wa Kiswahili tuna deni kidogo hapo. Panda mutuba hata kwenye shamba la kahawa, unakubali vizuri.

Upande wa pili kuna uchungu. Batwa, watu wa jadi wa misitu ya kusini magharibi mwa Uganda, walitolewa msituni Bwindi na Mgahinga hifadhi zilipoanzishwa 1991, watu waliokuwa wanajua kila mti wakabaki bila ardhi. Leo pale Mgahinga kuna matembezi ambayo Batwa wenyewe wanaongoza, wanaonyesha dawa, asali, mpaka pango la Garama. Ni jambo zuri, ila msimlete mgeni pale mkamwambia mambo yote yameshatengemaa. Na wewe ukianzisha matembezi kwenu, mgeni asimuliwe na mwenye hadithi, wewe kazi yako ni kutafsiri.

Kitu kingine watu hawafuatilii: sheria inasema asilimia 20 ya pesa ya getini ya hifadhi irudi kwa jamii za jirani. Nenda kwenye mikutano ya kata uulize imefanya nini kwenu. Mimi nilikuwa naona mikutano inachosha, na kweli inachosha, lakini ukikosekana watapanga bila wewe.

Imbalu nayo, ile sherehe ya tohara ya vijana wa Kigisu, wageni wanaipenda mno, Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, inaanzia Mutoto hapa hapa Mbale. Kijana amepakwa unga wa ulezi anacheza barabarani, usimsogezee kamera usoni bila kuomba wazee wake. Nimeona mgeni akinyang'anywa simu, na sikumtetea.

Kwa mama nilirudi na sukari na sabuni, nikaomba radhi. Sasa hivi bei anapanga yeye, na ameongeza sharti ambalo mimi nisingeliwaza: mgeni lazima atwange karanga mwenyewe. Wiki iliyopita Mjerumani mmoja katwanga mpaka mikono ikatoka malengelenge, halafu wakati wa kuondoka akaniuliza vile vinu vinauzwa wapi.