Bendi yako ikitaka kubadilisha sauti, anza na dramu

Wiki jana kijana mmoja alinitumia meseji saa tano usiku, eti bendi yao imechoka kupiga punk, ile roki ya kelele, ya mbio tu na wanataka EP (rekodi fupi ya nyimbo chache) inayokuja iwe na sauti tofauti, sasa anauliza wanunue pedali gani za gita, yale maboksi ya kukanyaga yanayobadilisha sauti. Nilicheka, manake hilo swali niliuliza mimi mwenyewe miaka nane iliyopita na lilitumalizia karibu mwaka mzima, na pesa ambayo hadi leo mke wangu hajaambiwa ni ngapi. Acha nimjibu hapa, pengine kuna wengine wako njiani kwenda mjini kununua.

Usinunue pedali.

Sisi tulikuwa wanne, mazoezi tulifanyia kwa SQ (kijumba cha nyuma) ya mjomba wa mpiga besi huko South B, Nairobi, magodoro yamesimamishwa ukutani ndio jirani asituitie polisi. EP ya kwanza ilikuwa nyimbo 6 kwa dakika 11. Kasi ilikuwa kama biti 190 kwa dakika, kutoka mwanzo hadi mwisho, na watu wetu, wale themanini hivi ambao walikuwa wanakuja kila shoo bila kukosa, walipenda hivyo. Sasa mimi nimelelewa na benga, baba yangu aliweka benga kila Jumapili akiosha gari, na nilikuwa nataka sana ile kitu ya gita mbili kuongea, moja inauliza nyingine inajibu, zote ziko juu kabisa kwa nyuzi nyembamba na besi inarukaruka chini yake. Nikasema EP ya pili tuingize hiyo. Nikatafuta pedali ya koras, ya kufanya sauti iyumbe, na ya dilei, ya mwangwi, mitumba zote mbili, nikajifunza miondoko kadhaa ya benga, tukaingia studio siku mbili, tukatoa.

Shabiki mmoja akaniambia nje ya shoo, bila ubaya wowote, "Boss, hii ni ile ile tu, ila gita imelowa maji."

Iliniuma wiki mbili hivi. Mwishowe nikapeleka hiyo EP kwa mzee mmoja jirani yetu ambaye zamani alikuwa anapiga dramu kwa bendi za klabu, mtu wa kuvaa kofia hata ndani ya nyumba. Nikampa simu asikilize. Akasikiliza wimbo mmoja na nusu akanirudishia.

"Kijana wangu, gita imevaa suti, lakini ngoma bado iko na akala."

Nikamwambia, mzee, sijaelewa. Akachukua vijiko viwili vya chai akaanza kupiga meza ile kavacha, kama huijui kwa jina unaijua kwa mwili, ni ule mpigo uliotoka Kinshasa miaka ya 1970 na Zaiko Langa Langa, mpiga dramu wao akiwa Meridjo Belobi, halafu ukaenea hadi huku kwetu bendi nyingi zikaushika. Akapiga kama dakika mbili bila kusema kitu. Alafu akabadilisha akapiga mpigo wetu wa punk, vijiko vinapishana tu pa-pa-pa-pa, akaniuliza mguu wangu umefanya nini. Kusema kweli ulikuwa umesimama. Kwa kavacha nilikuwa nagonga sakafu na hata sikujua.

Shida yetu ilikuwa hapo. Tulibadilisha kitu cha juu, na mwili wa wimbo ukabaki vile vile. Mpiga dramu wetu hakuna mtu alimwambia chochote, tulimwachia apige kama kawaida, sasa hiyo benga ya gita ikawa kama pambo kwa matatu, gari yenyewe ni ile ile.

Baada ya hapo nilirudi kusikiliza upya albamu ambazo nilidhani nazijua. Chukua Bad Brains, wale Waafrika Wamarekani wa Washington DC walioanza kama bendi ya jazz fusion ikiitwa Mind Power kabla ya kuingia punk. Kaseti yao ya 1982 iko na nyimbo za kasi ya ajabu, halafu katikati zinaingia za reggae, lakini angalia vizuri, hizo mbili hazichanganyiki, ni kama vyumba viwili na mlango umefungwa. Sasa weka albamu yao I Against I ya 1986. Watu ni wale wale wanne, H.R. kwa mikrofoni, Dr. Know kwa gita, Darryl Jenifer kwa besi, Earl Hudson kwa dramu, lakini ule mlango umevunjwa. Kasi imepungua, Hudson anaacha nafasi kati ya mapigo, Jenifer anajaza hiyo nafasi na besi yenye funk ndani yake, na gita inapata mahali pa kupumua. Sikiliza mara ya kwanza ukifuata dramu pekee, utanielewa. (Na hiyo ndiyo albamu ambayo wimbo wake mmoja H.R. aliuimba kwa simu kutoka jela. Kwa hivyo ukisema hamwezi kurekodi juu mwimbaji ana homa, sitaki kusikia.)

Black Flag, bendi ya punk ya California, nao walifanya ya hatari zaidi. Albamu yao My War, 1984, upande wa kwanza ni wa kasi, ukigeuza upande wa pili unakuta nyimbo tatu tu, nzito na za polepole, kila moja inakaribia dakika sita au inapita, na hii ni bendi iliyojulikana kwa nyimbo za dakika moja. Mashabiki wengi walikasirika. Lakini huwezi kusema ni gita peke yake iliyopakwa rangi. Greg Ginn, mpiga gita wao, hadi besi alipiga mwenyewe humo, akaandikwa kwa jina la uongo Dale Nixon, yaani ule uzito alianza kuujenga chini.

Na kama unataka mfano wa nyumbani, kuna Duma wa Nairobi, watu wawili waliotoka kwa bendi za metal, roki nzito, za hapa, albamu yao ya 2020 ikatolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Wao dramu ya kawaida waliiweka kando kabisa wakaleta ya mashine. Jina ni Kikuyu, ni giza, na ukiisikiza usiku peke yako utajua halikuchaguliwa ovyo.

Sasa, kijana wangu wa meseji, fanya hivi. Mwezi mzima gita zikae kwa mfuko. Dramu na besi wafanye mazoezi wawili, mwendo wa chini, kama biti 100, na hapo utashangaa, manake kasi huficha makosa mengi sana. Kwa 190 mpiga dramu akichelewa kidogo hakuna mtu anajua, kwa 100 kila mtu kwa chumba anajua, hata jirani. Rekodi kwa simu kila siku, msikilize kesho yake si usiku huo huo, usiku huo kila kitu huwa kizuri.

Kitu kingine ambacho sisi hatukufikiria ni mwimbaji. Ukiwa kasi anarusha maneno manne anavuta pumzi, basi. Ukipunguza mwendo anabaki na nafasi tupu hajui aiweke wapi, anaanza kuvuta maneno kama mtu wa kwaya. Mwache aandike upya, na wewe usimharakishe, wetu alichukua miezi miwili na tuligombana karibu tuvunje bendi.

Halafu pigeni hizo nyimbo kwa shoo kabla ya kulipia studio. Sisi kwa EP ya tatu tulizipiga mara tano kwa watu, na mbili tukazitupa kwa sababu tuliona watu wanaenda kununua soda. Na mkitoa EP, ile nyimbo ngeni kabisa iwe ya kwanza. Zetu tulizificha mwisho na nikaandika hadi maelezo ya kuomba msamaha, eti tunajaribu tu, sasa kama wewe mwenyewe hujaamini ni nani ataamini?

Kama kuna moja ya zamani bado mnaipenda kweli, ibakisheni. Sisi tulibakisha moja, sekunde 50.

Hiyo EP ya tatu nilimpelekea mzee pia. Safari hii alisikiliza yote hadi mwisho, vidole vinagonga mkono wa kiti, akavua kofia, akairudisha. Akaniuliza kitu kimoja tu, huyu kijana anayeimba ana shida gani, mbona anapiga makelele hivyo?