Kigari cha mtoto kipimie mlangoni mwa tuktuk

Kigari chetu cha kwanza tulipewa na shemeji. Kilikuwa kikubwa, kizuri, magurudumu manene, mifuko kila upande, na kilikaa sebuleni miezi mitano. Kukishusha kutoka ghorofa ya tatu nikiwa na mtoto wa miezi minane na kaka yake wa miaka mitatu kulinishinda, nikarudi kumbeba mtoto kwa leso. Cha pili nilikwenda kukitafuta mwenyewe.

Nilikipata soko la Kibuye, hapa Kisumu, Jumapili, kwenye mitumba, kwa shilingi 4,500. Muuzaji alikikunja kwa mikono miwili, chap chap, akaniambia, "Mama, ona vile ni rahisi." Nikamwambia anipe nijaribu mwenyewe. Mtoto nilikuwa nimembeba nyongani, kwa hiyo nilibaki na mkono mmoja tu. Vigari viwili vya kwanza vilikataa: ukibonyeza juu, sharti mtu mwingine avute chini. Cha tatu kilikubali. Nilibonyeza kitufe kwenye mshikio, nikasukuma, kikajikunja na kusimama chenyewe kama sanduku. Hicho ndicho nilichonunua, ingawa rangi yake imepauka.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu safari zetu nyingi hapa Kisumu huishia kwenye tuktuk. Unaisimamisha Kondele, nyuma yake matatu zinapiga honi, dereva anakuambia, "Mama, ingia tuende." Hapo huna dakika mbili za kuhangaika na vyuma. Changu kina uzito wa kama kilo 7, nakitia mbele ya magoti na bado kaka mtu anapata pa kuweka miguu. Kile kikubwa niliwahi kukipeleka Nakuru kwa dada yangu, makanga akakitazama, akasema, "Hiyo inalipa kama mtu." Nikalipa.

Kuna vile vyembamba vinavyokunjika kama mwavuli. Aliyevibuni, Owen Maclaren, alikuwa mhandisi Mwingereza aliyewahi kushughulikia magurudumu ya kutua ya ndege za kivita za Spitfire, na mwaka 1965 akaunda fremu ya alumini isiyofika hata kilo 3. Kwa wepesi sina neno. Lakini vina mishikio miwili, na mishikio miwili inataka mikono miwili. Mwenye mtoto mmoja atavifurahia. Mimi mkono mmoja ni wa kaka mtu, hasa tukivuka barabara, kwa hiyo nilitaka mshikio mmoja mrefu unaosukumika kwa mkono mmoja bila kigari kwenda upande.

Ukinunua mitumba, usiishie kuangalia kitambaa, kitambaa kinafuliwa. Kanyaga breki halafu sukuma kwa nguvu. Funga mkanda, uvute kila upande, na uhakikishe kuna ule unaopita katikati ya miguu, maana bila huo mtoto huteleza chini. Kisha tazama viungo vya kukunjia. Mwaka 2009 kampuni ya Maclaren ililazimika kutoa vifuniko vya viungo kwa vigari takriban milioni 1 nchini Marekani, baada ya watoto kukatwa ncha za vidole wakati kigari kikikunjuliwa. Tangu nisome habari hiyo, kabla ya kukunja au kukunjua namwambia mkubwa wangu aweke mikono kichwani. Sasa anaiweka kabla sijasema.

Kama mtoto wako hajaanza kuketi mwenyewe, yaani bado yuko chini ya miezi sita hivi, kigari chenye kiti cha wima hakimfai. Mtafutie kinacholala chali kabisa, au leso iendelee na kazi yake. Na uzito je? Vingi vya aina hii mwisho wake ni kilo 15, imeandikwa kwenye kibandiko chini ya kiti. Linganisha na kitabu cha kliniki. Mkubwa wangu alikuwa na kilo 14 na nusu, basi nikajua siku zake za kupanda zimekwisha.

Kosa langu kubwa nilifanya nikitoka sokoni Jubilee. Nilikuwa nimetundika mfuko kwenye mshikio: nyanya, vitunguu, ndizi na sabuni. Mtoto akalia, nikamfungua mkanda, nikamnyanyua. Kigari kilianguka kinyumenyume palepale, mshikio ukagonga lami, nyanya zikabingirika hadi kwenye mtaro. Nilibaki nimemkumbatia mtoto, moyo ukinidunda, nikitazama pale ambapo kichwa chake kingekuwa kama ningechelewa kidogo na yeye mwenyewe akajirusha nyuma. Mzigo wote sasa unakaa kikapu cha chini. Usipoenea humo, naubeba mgongoni.

Kwenye matofali ya kabro ya Barabara ya Oginga Odinga kigari kidogo kinateleza vizuri sana. Ukiingia mitaani, kwenye kokoto, magurudumu ya mbele yanajikwaa kila hatua. Yafunge yasizunguke, au ugeuke na kukivuta kinyumenyume ili yale ya nyuma yatangulie. Mvua ikinyesha na udongo mweusi ukalowa, usijaribu hata kidogo. Kikunje, mfunge mtoto leso mgongoni, utembee. Pini ya gurudumu ikikatika, fundi wa baiskeli ataitengeneza.

Jua la hapa nalo linataka uangalifu. Saa sita mchana buko la chuma la mkanda linaweza kumchoma mtoto paja, kwa hiyo liguse kwanza kwa mgongo wa mkono. Naona akina mama wengi wakifunika kigari chote kwa leso ili mtoto alale. Tafadhali, msifanye hivyo. Hewa haipiti, ndani kunakuwa kama jikoni. Shusha paa lake, tafuta kivuli, mnyonyeshe mara kwa mara.

Jioni tukienda Dunga kutazama ziwa, mbu hutoka mapema, na malaria ya huku tunaijua. Chandarua kinapitisha hewa, ndicho cha kufunikia. Changu nilikata kutoka kwa kile kikuukuu cha kitandani, fundi cherehani akakitia mpira pembeni kwa shilingi 100. Kinakaa kimekunjwa kikapuni, juu ya leso.