Jiko la mkaa chumbani Njombe

Pole na baridi, dada. Umeuliza kama jiko la mkaa linafaa kupasha joto chumba cha watoto huko Njombe Julai hii, maana hita inakula umeme. Tafadhali usiliingize. Makaa yakishakuwa mekundu bila moshi watu hudhani yako salama, kumbe bado yanatoa monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala anaweza asiamke. Kuni sawa, ila ziwe kwenye jiko lenye bomba la kupitisha moshi juu ya paa. Jiko au hita ya gesi isiyo na bomba la moshi nayo isiwake mkiwa mmelala. Mimi ningewasha hita nusu saa, nikaizima, kisha chupa ya maji ya moto, kifuniko kimekazwa, imeviringishwa kanga, miguuni pa watoto.