LPN kwenda BSN kwa masafa: uliza haya kwanza

Dada, umeuliza LPN (muuguzi mwenye leseni ya ngazi ya chini ya RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa) aliye kazini Marekani achague vipi chuo cha masafa cha kumfikisha BSN, shahada ya kwanza ya uuguzi. Ada iache kwanza. Piga simu bodi ya uuguzi ya jimbo unaloishi, uliza kama chuo hicho kinakubalika kwa mkazi wa hapo. Ukihitimu bado una NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya RN, mbele yako, na bodi isipokuruhusu kuufanya, jasho lako limekwenda na maji. Chuo kinaweza kuwa safi kabisa jimboni kwao na kisipokee watu wa jimbo lako. Ithibati iwe ya CCNE au ACEN, mashirika yanayokagua ubora wa programu za uuguzi. Ukitaka shahada ya uzamili baadaye utaulizwa.

Halafu hili neno "masafa" lisikudanganye. Nadharia utasoma usiku jikoni kwako, lakini kumgeuza mgonjwa na kumtundikia dripu hakufanyiki kwenye kompyuta. Uliza nani anatafuta hospitali ya mazoezi, wao au wewe? Jibu litake kwa barua pepe, maana mtu wa udahili kwenye simu hukubali kila kitu.

Angalia pia jina la programu. Nyingi zinazotangazwa ni za RN kwenda BSN, na wewe LPN hawakupokei.

Na zile alama zako za anatomia na mikrobiolojia, kama ni za zamani, uliza mapema. Vyuo vingine vinazihesabu zimepitwa na wakati, unarudia upya.